Msinisifu kwa Kuchoka

Wapo watu wanaonipenda ambao wamenidhuru kwa sifa. Nasema hivyo bila kinyongo, maana sifa zenyewe nilizitaka mwenyewe, na kwa miaka mingi zilinishibisha pale ambapo fedha hazikunishibisha. Nina saluni ya kike huku Temeke, Dar es Salaam: fremu moja, viti viwili, draya moja, sinki la kuoshea nywele, na mimi. Sina msaidizi. Vijana wa duka la vifaa vya ujenzi lililo jirani wananiita mwanamke wa shoka. Mama mmoja wa mtaani kwetu, kila aliponiona nafungua mlango alfajiri, alikuwa akiwaambia mabinti zake, "Mwigeni huyu, huyu hajui kulala." Siku zote nilimwamkia na kucheka. Siku hizi natamani kumwambia: Shikamoo mama, kulala nakujua sana, ila sikupati.

Basi katika kurasa hizi nataka kubishana na sifa hiyo, na wale wanaoitoa, na yule aliyekuwa akiipokea, yaani mimi. Ninachodai ni hiki: uchovu wa mtu anayefanya kazi peke yake si nishani ya kuvalishwa, na yale mashaka yanayomjia usiku, kwamba labda hafai, labda kazi hii si yake, hayatoki katika upungufu wa imani wala wa ujasiri kama tunavyohubiriwa. Yanatoka katika saa. Mtu akizidisha saa, mashaka huja kama homa inavyomjia aliyeumwa na mbu.

Asiyeijua kazi hii hudhani kuwa ni kazi ya kukaa na kupiga soga. Kweli soga zipo. Lakini rasta ndogo za kufika mgongoni hunichukua saa 6 au 7 nikiwa peke yangu, na muda wote huo nimesimama, shingo imeinama, vidole gumba vinakaza na kusokota. Kichwa hichohicho wakikishika wasusi wawili hukimaliza kwa nusu ya muda. Na huyo wa rasta si peke yake. Nyuma yake yupo wa kuritachi, anataka dawa ipakwe sasa hivi kwa kuwa ana sendofu jioni. Chini ya draya yupo wa rola, anauliza kama amekauka. Mlangoni yupo aliyekuja kuulizia bei tu, naye anataka kujibiwa kwa uso mkunjufu. Kisha LUKU inalia, uniti zinakwisha, nami sina wa kumtuma. Chakula cha mchana nilikuwa nakila saa 10 alasiri, nimesimama, mkono wa kushoto umeshika sahani na wa kulia unanuka mafuta ya nywele. Usiku nilifagia, nikaosha mataulo, nikachambua vitana. Sikuzote niliondoka mtu wa mwisho katika safu yote ya fremu zetu, na nilijivunia jambo hilo.

Sasa niseme lile ambalo kwa miaka sikumwambia mtu. Wiki ya kuelekea Krismasi ya mwaka 2018 nilikuwa sijapumzika hata siku moja tangu mwezi uanze. Akaja dada mmoja, mteja wangu wa muda mrefu, wa kuwekwa dawa. Dawa kali za kunyoosha nywele huwa na hidroksidi ya sodiamu, kitu kinachounguza ngozi, nayo haimsubiri mtu: ukipitisha dakika, inaanza kula kichwa. Nilimpaka, nikarudi kwenye rasta nikidhani nitamalizia mistari miwili tu. Akasema, "Dada, inaniwasha." Nikamjibu, "Vumilia kidogo." Aliposema mara ya pili nilikuwa nimesahau kabisa kwamba yupo. Nilipomuosha nikaona nyuma ya sikio ngozi imetoka, pana ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Hakunigombeza. Alilipa fedha yote, tena akakataa nilipotaka kumrudishia, akajifunga kilemba taratibu, akaniaga. Hakurudi tena. Laiti angenitukana! Ile fedha aliyolipa niliiweka kando kama kitu cha msiba, hata sikumbuki iliishia wapi.

Usiku ule nilijihukumu. Sikusema kwamba nimechoka, wala kwamba mtu mmoja hawezi kuhudumia vichwa vitatu kwa mpigo. Nilisema: mimi si msusi. Nilijidanganya, nikawadanganya na watu. Tangu siku hiyo kila nywele iliyokatika niliiona ushahidi, kila mteja aliyehamia saluni nyingine nilimhesabu kama shahidi wa upande wa mashtaka. Na dawa niliyoitafuta ilikuwa ni ipi? Nilizidisha kazi. Nilifungua mapema zaidi, nikafunga usiku zaidi, nikapunguza bei, ili nithibitishe kwamba nafaa.

Mwaka uliofuata nikahudhuria semina ya ujasiriamali, moja ya zile za kiingilio na cheti. Mhubiri, maana siwezi kumwita mwalimu, alituambia kwamba mashaka ni adui wa mafanikio, na tiba yake ni kuamka saa 10 alfajiri wakati wavivu wamelala. Tulipiga makofi. Nikaamka saa 10 alfajiri kwa muda wa miezi miwili. Kilichoongezeka ni kusinzia ndani ya daladala, hata mara mbili nilipitishwa kituo.

Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 2019, huko Geneva, Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiandika kinyume cha mahubiri yale. Katika orodha yake mpya ya kimataifa ya magonjwa, ambayo ilianza kutumika mwaka 2022, shirika hilo liliueleza uchovu wa kazi uliokithiri. Halikuuita ugonjwa, bali jambo litokanalo na kazi, yaani msongo wa kazini usiodhibitiwa kwa muda mrefu. Likataja alama zake tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi, kuichukia au kuibeza. Ya tatu ni mtu kujiona hana ufanisi tena katika kazi yake. Niliposoma hiyo ya tatu, miaka ikiwa imepita, nilikasirika. Kumbe lile nililolibeba kama siri ya aibu limeandikwa katika orodha, kama vile kikohozi kilivyoandikwa katika dalili za kifua kikuu! Mhubiri wetu alitibu dalili kwa kuongeza chanzo. Alimpa mwenye kiu chumvi.

Na si moyo tu unaoumia. Mwaka 2021 shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi huzidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo yatokanayo na mishipa kuziba huzidi kwa asilimia 17. Wakakadiria kuwa katika mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na maradhi hayo ya moyo kwa sababu ya saa ndefu za kazi. Saa 55! Mimi nilikuwa naziacha hizo siku ya Ijumaa mchana.

Nimezihesabu, sikadirii. Februari ya mwaka 2022, mwezi wa siku 28, wiki nne kamili, nilinunua daftari la kaunta, nikaandika kila kilichoingia, kila kilichotoka, na kila saa. Nilifungua saa 1 asubuhi na kufunga saa 2 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili nilifanya kazi saa 5. Hizo ni saa 83 kwa wiki, saa 332 kwa mwezi. Ziliingia shilingi 780,000. Kodi ya fremu, umeme, maji, dawa, shampuu, mafuta, nyuzi na sindano za wivingi, ushuru wa taka, na fungu la leseni na kodi ya serikali vilikula shilingi 420,000. Zikabaki 360,000. Gawanya kwa saa 332: kama shilingi 1,084 kwa saa moja.

Nililitazama hesabu hilo kwa muda. Halafu nikafanya jingine, kwa ukorofi tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiriwa asifanyishwe kazi za kawaida zaidi ya saa 45 kwa wiki wala saa 9 kwa siku. Apewe mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Apewe likizo ya siku 28 kwa mwaka. Saa 45 mara wiki nne ni 180. Lau ningepata zile 360,000 kwa saa 180, ujira wangu ungekuwa shilingi 2,000 kwa saa. Maana yake ni kwamba kila mwezi nilikuwa nautoa mwili wangu saa 152 zaidi ya kiwango cha sheria, na wala sikuziingiza popote katika hesabu. Kodi ya fremu niliiandika. Sindano ya shilingi mia mbili niliiandika. Mgongo wangu sikuuandika. Mimi ndiye mwajiri na mimi ndiye mwajiriwa, na kama huyo mwajiriwa angekuwa mtu mwingine, ningestahili kushtakiwa, na wale wanaonisifu wangekuwa wa kwanza kunisema mtaani kwamba ninamnyanyasa mtoto wa watu.

Hapo ndipo wabishi wangu huinuka, nami nawasikia.

Wa kwanza husema: shukuru, wangapi hawana kazi? Ni kweli, wako wengi, na wengine ni ndugu zangu. Lakini njaa ya jirani haiwezi kuwa kipimo cha afya yangu. Dereva wa basi la safari ndefu huwekewa mwenzake wa kupokezana, na sijasikia abiria hata mmoja akisema huyo wa kwanza ni mvivu kwa kuwa kuna madereva wasio na ajira. Tunajua kwamba akisinzia tutakufa. Kichwa cha mwanamke chenye dawa nacho hakitaki mtu wa kusinzia.

Wa pili husema: mama zetu walilima kutwa, wakatwanga, wakachota maji, na hawakulalamika. Kwanza, nani aliwauliza? Pili, na hili ndilo kubwa, hawakufanya peke yao. Walilima kwa kusaidiana, leo kwa huyu kesho kwa yule. Walitwanga wawili au watatu kinu kimoja, mchi ukipokezana. Na kusuka kwenyewe kulikuwaje? Nilikosukwa mimi utotoni kulikuwa mkekani, barazani, alasiri, kazi za nyumbani zimepungua. Mmoja anasuka, mwingine anafumua, wa tatu anachagua mchele na kuleta habari za mtaa. Ukisha kunisuka nami nakusuka. Twende kilioni ilikwisha kabla ya magharibi, na hakuna aliyerudi kwake akijiuliza kama anafaa. Sisi tumechukua kazi ya baraza, tukaifungia katika fremu ya mtu mmoja, tukaitoza kodi ya miezi sita kwa mpigo, kisha tunashangaa kwamba inamshinda mtu mmoja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Walijua wanachokisema, na walikuwa wanazungumzia vichwa.

Wa tatu ni yule wa semina, ambaye hutuletea mashujaa wa mbali. Kwetu sisi wa nywele shujaa huwa ni mmoja, Madam C. J. Walker wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1867 kwa jina la Sarah Breedlove, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, akafua nguo za watu kwa miaka mingi kabla ya kutajirika kwa mafuta ya nywele. Namheshimu mama huyu. Lakini wahubiri hukata hadithi yake vipande viwili vya lazima. Hawasemi kwamba hakuwa peke yake; alikuwa na kiwanda na maelfu ya wanawake mawakala waliouza na kuhudumia kwa jina lake. Tena hawasemi jinsi alivyokwisha: alikufa Mei 1919, ana umri wa miaka 51, kwa shinikizo la damu na maradhi ya figo, baada ya madaktari kumshauri apunguze shughuli. Nikipewa shujaa, nipewe mzima.

Wa nne ni mteja. "Mteja ni mfalme," imebandikwa katika maduka mengi mjini, na mimi nilikuwa nimeibandika juu ya kioo. Sijapata kumwona mfalme anayeomba apunguziwe elfu mbili. Anakuja saa 1 na nusu usiku, anasema, "Dada nisaidie, ni mistari michache tu," na hiyo michache ni ya saa tatu. Simlaumu sana. Anatoka kazini kwake, naye ana bosi wake, ana foleni yake ya Mbagala. Ila ni nani aliyemfundisha kwamba mlango wangu haufungwi? Mimi. Kila nilipomkubalia usiku wa manane mkesha wa Idi, nilimfundisha.

Na hapa sina budi kujishtaki zaidi, maana kuwasema wengine ni rahisi. Nilipenda kuhitajiwa. Nilipoambiwa, "Bila wewe sendi kwa mwingine," nililewa. Walikuja wasichana wawili watatu kuomba kujifunza kazi, nikawakataa kwa kisingizio kwamba watanichafulia jina. Msusi mwenzangu wa upande wa pili wa barabara, mwenye mkono mzuri tu, kwa miaka tisa nilimpita kwa salamu ya mdomoni, nikihesabu viatu mlangoni pake. Upweke wangu haukuletwa na ukata peke yake. Kiburi kilikuwa mbia. Ukata nao ulikuwepo, sikatai. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ambayo wanawake wametengewa asilimia 4, na ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, wanawake hupewa kwa vikundi. Mwanamke wa peke yake hana mlango hapo. Amebakiwa na wale wa mikopo ya kausha damu, wenye marejesho ya kila siku, na mwenye marejesho ya kila siku hawezi kufunga Jumapili. Nimepita huko. Kuna siku niliendelea kusuka nikiwa na homa, si kwa uhodari, ila kwa kuwa saa 11 jioni mtu wa marejesho atakuja na kitabu chake.

Hivyo, anayetaka kunisaidia asiniambie nijiamini. Kujiamini ninako, nimesuka maharusi ambao sasa nawasuka mabinti zao. Aniulize nimelala saa ngapi. Aniulize nani alinishikia mlango nilipokwenda kliniki. Na anayetaka kunisifu aisifu kazi: mistari imenyooka, kichwa hakiumi, rasta zimekaa mwezi mzima. Kuchoka si kazi. Hata punda huchoka.

Nilichofanya ni kidogo, na nitakisema kama kilivyo. Nilivuka barabara. Nilimwambia yule mwenzangu kwamba rasta kubwa na za harusi tuzifanye pamoja, kwake au kwangu, tugawane nusu kwa nusu, na mmoja akipumzika mwingine apokee wateja wake bila kuwateka. Alinitazama kwa muda, akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia nimechoka. Akacheka mpaka akakaa chini, akasema yeye alidhani mimi ndiye nisiyechoka, na kwamba mumewe humtolea mimi mfano. Kumbe sifa zangu zilikuwa zikimchapa na yeye ng'ambo ya barabara!

Nikapandisha bei ya rasta ndogo kutoka 25,000 hadi 30,000. Nikabandua ule mfalme juu ya kioo. Nikaandika katika karatasi, nikaibandika mlangoni: tunafungua saa 2 asubuhi, tunafunga saa 12 jioni, Jumatatu hatufungui. Mwezi wa kwanza niliwapoteza wateja wanne, na mmoja alinisema vibaya kwenye kicheni pati, habari zikanifikia kabla hata ya wali kuliwa. Mapato yalishuka, kisha yakapanda, kisha yakatulia chini kidogo ya pale yalipokuwa. Saa 60 kwa wiki bado ni nyingi, najua, daftari linaniambia. Na yale mashaka? Yanakuja mwisho wa mwezi, nikiwa na kodi ya kutafuta. Lakini siku hizi nikiyasikia naenda kwanza kwenye ukurasa wa saa, nahesabu, na mara nyingi nakuta nimeiba Jumatatu mbili.

Jumatatu iliyopita mteja wangu mmoja wa zamani alikuja kugonga nyumbani. Nilimsikia akimwambia binti yangu, "Najua yumo ndani, mwambie ni mistari michache tu." Binti akaja kuniuliza ajibu nini. Nilikuwa nimeinua miguu juu ya stuli, chai iko mkononi, na bado ilikuwa ya moto. Nikamwambia mkaribishe chai, na umwambie saluni ni kesho saa 2. Aliingia, akanywa chai, akanilaumu, akakaa hadi saa 8 mchana akinisimulia habari za mkwewe. Nywele alikuja kusuka siku ya pili yake, tukamsuka wawili, na saa 6 mchana alikuwa amekwisha kuondoka.